Bela Lugosi: Mwigizaji aliyezikwa na joho la Dracula

KATIKA historia ya sinema za kuogofya, ni waigizaji wachache waliojengwa na kubomolewa na mhusika mmoja kama Bela Lugosi.

Ingawa jina lake halitajwi bila kumtaja Dracula, kabaila mnyonya damu, Lugosi alimwigiza mhusika huyo katika filamu mbili kuu pekee. Ya kwanza, ya 1931, iliwatia watazamaji kiwewe. Ya pili, ya 1948, iliwavunja mbavu.

Lugosi alizaliwa Oktoba 20, 1882 katika mji wa Lugos, uliokuwa chini ya himaya ya Austria na Hungary na ambao sasa umo nchini Romania. Jina lake halisi lilikuwa Béla Blaskó. Lile la Lugosi alilitoa kwa mji wake wa kuzaliwa.

Alipanda ngazi hadi akajiunga na jumba la kitaifa la maigizo jijini Budapest, kabla ya kwenda kupigana katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, ambako alijeruhiwa.

Mnamo 1919 alishirikiana na wenzake kuunda chama cha kutetea waigizaji. Serikali ya kikomunisti ilipoanguka mwaka huo, alilazimika kutoroka. Alipitia Vienna na Ujerumani, kisha mwishoni mwa 1920 akawasili Marekani akiwa kibarua melini.

Kiingereza kilimpiga chenga, hivyo alikariri sehemu zake neno kwa neno. Lakini ni lafudhi hiyo nzito iliyompa ufanisi alipopanda jukwaani Broadway, New York, mnamo Oktoba 1927 kama Dracula. Mchezo huo ulionyeshwa mara 261.

Kampuni ya Universal ilipoamua kuugeuza kuwa filamu, Lugosi alikubali malipo ya dola 3,500 kwa wiki saba za kazi. Filamu ilivuma, naye akawa nyota akiwa na umri wa miaka 48.

Hata hivyo, sauti iliyomfungulia mlango ndiyo iliyomfungia mingine. Wazalishaji hawakumwona ila kama mzuka au mwanasayansi mwendawazimu. Nafasi ya zimwi katika Frankenstein ilimwendea Boris Karloff, ambaye baadaye alimpiku kwa umaarufu na kwa mapato.

Katikati ya miaka ya thelathini filamu za kuogofya zilipungua na Lugosi akapoteza nyumba yake. Son of Frankenstein ya 1939 ilimwinua kwa muda, lakini muongo uliofuata aliishia katika filamu za bei rahisi, huku maumivu ya neva yakimfanya mtumwa wa dawa za kutuliza uchungu.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa Universal ilipopanga kutengeneza Abbott and Costello Meet Frankenstein mapema 1948. Mazimwi ya kampuni hiyo hayakuwa yakitisha tena, na wacheshi Bud Abbott na Lou Costello nao walikuwa wakipoteza mvuto. Mpango ulikuwa kuyakutanisha makundi hayo mawili.

Lugosi, akiwa na miaka 65, alivaa tena joho la Dracula kwenye sinema. Lon Chaney Mdogo aliigiza mtu anayegeuka mbwamwitu, naye Glenn Strange akawa zimwi la Frankenstein. Strange alipoumia mguu, Chaney alivaa sura ya zimwi kumaliza onyesho moja.

Costello hakuipenda hati hiyo mwanzoni. Upigaji picha ulipoanza chini ya mwelekezi Charles Barton, wacheshi hao waligeuza studio kuwa uwanja wa mizaha, wakirushiana keki kati ya maonyesho.

Katika hadithi hiyo, Dracula anataka ubongo wa mchukuzi wa mizigo, anayeigizwa na Costello, ili autie katika kichwa cha zimwi lipate kumtii. Costello analiona jeneza likifunguka na kupiga mayowe. Abbott kila mara anafika akiwa amechelewa na haamini lolote.

Siri ya ufanisi wake ni kwamba mazimwi hayakufanya mzaha. Lugosi hakumdhihaki Dracula hata kidogo. Alitembea kwa madaha, akanyoosha vidole na kukodoa macho kana kwamba yumo katika filamu ya kutisha. Hofu ya Costello ilichekesha kwa sababu aliyemtisha alikuwa wa kuogopwa kweli.

Filamu hiyo ilivuna pesa nyingi na kuwaokoa wacheshi hao wawili. Lugosi haikumwokoa. Universal haikumpa kazi nyingine, naye akarudia majukwaa madogo na filamu za pesa kidogo.

Mnamo 1955 alijipeleka mwenyewe hospitalini jimboni California ili atibiwe uraibu, na kukiri hadharani udhaifu ambao nyota wengi wa enzi hiyo waliuficha. Alitoka baada ya miezi michache akiwa na matumaini ya kuanza upya.

Muda haukumruhusu. Alifariki Agosti 16, 1956 jijini Los Angeles akiwa na umri wa miaka 73, na kuzikwa akiwa amevishwa joho la Dracula.

Mnamo 2001, Maktaba ya Bunge la Marekani iliijumuisha filamu hiyo ya 1948 katika orodha ya zile zinazostahili kuhifadhiwa kwa vizazi vijavyo.