Daktari Albert Cook wa Mengo na Nyumba za Wakunga

Wasomaji wetu wa Kanazi, na wa nchi zote za Ngara na Biharamulo, wanajua jinsi mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa anavyoondoka nyumbani usiku, na jinsi mlima mmoja unavyoweza kuwa mrefu kwake kuliko safari ya siku nzima kwa mtu mzima wa afya. Kwa hiyo twapenda kuwaeleza habari za mganga mmoja aliyejenga hospitali kilimani, wagonjwa wakamjia kwa wingi, na baada ya miaka mingi akatambua kwamba hospitali ile haitoshi.

Albert Ruskin Cook alizaliwa Hampstead, katika mji wa London, tarehe 22 Machi 1870, naye ni mtoto wa daktari. Alisoma katika chuo cha Cambridge, kisha akajifunza uganga katika hospitali ya St Bartholomew's. Mwaka wa 1896 alitumwa Uganda na chama cha misioni kiitwacho CMS. Siku zile treni haikufika bara. Basi yeye na wenzake wakatoka Mombasa kwa miguu pamoja na wapagazi wao, wakafika Mengo mwezi wa Februari 1897. Katika msafara ule alikuwamo mwuguzi mmoja, Bibi Katharine Timpson, ambaye alimwoa mwaka wa 1900. Msomaji alishike jina la bibi huyu, maana nusu ya habari hii ni yake, na pengine ni zaidi ya nusu.

Mengo ulikuwa mji wa Kabaka, mji wa vilima vingi na watu wengi, nao Wakristo walikuwa na kanisa lao juu ya Namirembe. Huko ndiko daktari alikoanza kazi. Hospitali yake ya kwanza, ya mwaka ule ule wa 1897, ilikuwa nyumba ya matete iliyoezekwa nyasi. Kabla mwaka haujaisha, askari wa Kisudani wakaasi, naye akaitwa kuwaganga majeruhi wa vita. Mwaka wa 1899 akaja ndugu yake, Daktari John Howard Cook, wakafanya kazi pamoja. Hospitali kubwa zaidi ikajengwa, lakini Novemba 1902 radi iliipiga ikateketea. Hawakukata tamaa, wakajenga tena, mara hii kwa matofali. Mwaka wa 1907 walikuwa na mashine ya kupiga picha mifupa ndani ya mwili, jambo la ajabu katika nchi hizi wakati ule.

Mwaka wa 1901 ndugu hao wawili waliwatambua wagonjwa wa kwanza wa malale waliofika Mengo. Ugonjwa ule ukaenea visiwani na kando ya ziwa, ukaua watu zaidi ya 200,000 kwa miaka michache. Upande wetu wa ziwa ulikuwa chini ya Wadachi, nao pia waliogopa. Mwaka wa 1906 mtaalamu wao Robert Koch akafika visiwa vya Sese kuuchunguza. Lakini habari za malale zinataka makala yake zenyewe.

Turudi Mengo. Hospitali ilijaa, na sifa zake zilifika mbali. Lakini ni nani waliofika? Ni wale wenye miguu ya kutembea, na wale wenye ndugu wa kuwabeba. Akina mama wajawazito walikuja wachache, na wengi wao walikuja wakati mambo yamekwisha kuharibika. Watoto wachanga walikufa kwa wingi, na daktari aliyekaa kilimani hakuweza kuwazuia wasife kule mabondeni walikozaliwa.

Hapa imetupasa kusema neno la haki. Daktari Cook, na wakubwa wa serikali pamoja naye, waliamini kwamba sababu kubwa ya vifo hivyo ni kaswende, nao wakataja hesabu za kutisha. Baraza la Buganda likatoa amri watu watibiwe, na upimaji ule ukawaletea wanawake fedheha na manung'uniko. Baadaye wataalamu wameona kwamba wengi waliohesabiwa kuwa na kaswende walikuwa na buba, ugonjwa unaofanana nayo lakini hauletwi na uasherati. Hivyo wengi walishutumiwa bure. Daktari mwema naye aweza kukosea, na kosa lake huwaumiza wengi kwa sababu wanamwamini.

Lakini katika hofu ile ile likazaliwa jambo jema. Bibi Cook aliona kwamba dawa peke yake haifai kitu kama hakuna mtu wa kukaa karibu na mama. Basi mwaka wa 1921 chuo cha wakunga kikafunguliwa Namirembe, kikapewa jina la Lady Coryndon, mke wa gavana. Wasichana wenyeji wakapokelewa, wakafundishwa kwa Kiganda, na daktari akawaandikia kitabu cha ukunga kwa lugha hiyo. Sheria za chuo zilikuwa kali, na wasichana walilindwa sana. Wako waliosema kwamba ukali ule ulipita kiasi. Tena jambo lenyewe lilikuwa geni. Kwa desturi mkunga alikuwa mwanamke mzee, aliyekwisha zaa mwenyewe. Sasa aliletwa msichana ambaye hajaolewa, mwenye vazi safi na kitabu mkononi, naye mama wa watoto watano aambiwe amsikilize!

Hata hivyo walisikilizwa. Msichana alipokwisha kushinda mtihani hakubaki Namirembe. Alipelekwa kwenye nyumba ndogo ya uzazi, katika wilaya za Buganda na hata nje yake, akakaa huko kati ya watu. Kazi yake haikuwa kupokea mtoto tu. Aliwapima wajawazito kabla ya siku zao, akawaangalia watoto wachanga, na aliyeonekana kuwa na hatari akampeleka hospitali mapema, kabla ya uchungu kumshika njiani. Bibi Cook alikuwa msimamizi wao. Kwa maoni yetu nyumba hizo ni kazi kubwa kuliko matofali yote ya Mengo, maana nyumba moja ndogo yenye mkunga mmoja anayeijua lugha ya mama huweza kujengwa penye watu hamsini au penye watu elfu, mashambani au katika mitaa ya maskini pembeni mwa mji.

Daktari Cook alianza pia kuwafundisha vijana wa kiume uganga mwaka wa 1917, wakati wa vita. Kazi hiyo baadaye iliendelea Mulago na Makerere. Mwaka wa 1932 mfalme wa Uingereza akampa heshima ya kuitwa Sir. Aliacha kazi ya hospitali mwaka wa 1934, lakini hakurudi kwao. Akakaa Makindye, kilima kingine cha Kampala. Bibi Katharine alifariki mwaka wa 1938. Mzee mwenyewe akafariki tarehe 23 Aprili 1951, akazikwa Namirembe.

Katika Chuo Kikuu cha Makerere iko maktaba ya uganga yenye jina lake. Humo zimehifadhiwa karatasi za wagonjwa wa Mengo tangu siku za mwanzo, zilizoandikwa kwa mkono, wakiwamo wale waliolala katika ile nyumba ya matete.