Robert Fulton na Mzinga wa Chini ya Maji

Wengi humjua Robert Fulton kwa meli ya moshi tu. Mwaka 1807 chombo chake kilikwenda toka New York mpaka Albany, yapata kilomita 240, kwa saa 32, na watu wakaamini kuwa mvuke waweza kuleta faida majini. William Mackinnon, meli ya moshi ya kwanza katika ziwa letu, iliyoshushwa majini Kisumu mwaka 1900, ni mjukuu wa chombo kile. Lakini Fulton alihangaika miaka mingi zaidi na mambo ya chini ya maji.

Alizaliwa Pennsylvania, Marekani, mwaka 1765. Baba yake alikufa yeye akingali mdogo, akajipatia riziki kwa kuchora sura za watu. Alikwenda Uingereza kujifunza uchoraji, akaacha rangi akashika mifereji, kisha akahamia Ufaransa. Huko, mwaka 1800, aliunda Nautilus, chombo cha kuzamia. Wafaransa hawakukinunua. Basi akawaendea Waingereza, adui zao, na mwaka 1805 akaivunja merikebu Dorothea kwa baruti mbele ya macho yao. Nao pia wakamwacha. Kuwauzia silaha maadui wawili ni jambo la kutia shaka, ingawa mwenyewe alidai kuwa alitaka bahari iwe huru kwa wote.

Mwaka 1813, nchi yake ikipigana na Waingereza, alijaribu kupiga mizinga chini ya maji ili kutoboa merikebu mahali ambapo tundu huizamisha. Kila mwanafunzi aliyeoga ziwani ajua taabu ya kukimbia maji yakiwa kifuani. Maji ni mazito kuliko hewa mara 800 hivi, na risasi hupoteza nguvu baada ya hatua chache. Kwa hiyo Fulton alitaka mdomo wa mzinga utokeze ubavuni, chini ya maji, na merikebu imsogelee adui mpaka karibu kugusana. Hapo ndipo penye ugumu: adui gani angengoja, naye ana mizinga yake juu?

Fulton aliugua baada ya kuvuka mto Hudson ulioganda barafu, akafa Februari 1815. Manowari ya mvuke aliyoibuni ilikuwa haijamalizika.

Silaha za wapiga mbizi zilipatikana katika miaka ya 1970, katika Urusi ya Kisovieti, kwa kazi ya fundi Vladimir Simonov. Hazipigi risasi fupi, bali misumari ya chuma ya karibu sentimita 12, inayokata maji bila kupinduka. Hata hivyo, kadiri mpiga mbizi azamavyo, ndivyo msumari wake ufikavyo karibu zaidi.