Nahodha Aliyeambiwa Habari za Fataki

Habari za meli ya Titanic wengi wetu tunazijua. Leo nataka tuangalie maisha ya mtu aliyekuwa jirani yake usiku ule: Stanley Lord, nahodha wa meli iitwayo Californian.

Lord alizaliwa Bolton, Uingereza, mwaka wa 1877. Alianza kazi ya bahari akiwa na miaka 13 tu, na kabla ya kufika miaka 30 alikuwa nahodha. Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912, akielekea Boston, alikuta barafu imetanda mbele yake. Akasimamisha meli mnamo saa 4:20 usiku. Hapo alifanya la busara, lazima tuseme ukweli. Kijana wake wa redio, Cyril Evans, akajaribu kuionya Titanic, lakini akaambiwa anyamaze. Evans hakuwa na wa kumpokea zamu, basi akaacha mtambo akalala. Saa 5:40 Titanic ikagonga barafu.

Baada ya saa sita, Herbert Stone, ofisa wa zamu, aliona fataki nyeupe zikipasuka juu ya meli iliyokuwa mbali kidogo. Akamwarifu nahodha, ambaye alikuwa amejinyoosha na nguo zake. Lord akauliza kama ni ishara za kampuni fulani, akaagiza waite kwa taa, kisha akaendelea kulala. Fataki zilifika nane. Kijana mwanagenzi, James Gibson, akatumwa kumwambia tena. Lord alidai baadaye kwamba hakumbuki mazungumzo hayo. Saa 8:20 usiku Titanic ikazama, na watu kama 1,500 wakafa. Evans aliamshwa alfajiri, na ndani ya dakika chache wakajua yote.

Uchunguzi wa Uingereza ulisema Californian haikuwa zaidi ya maili 8 hadi 10, na kwamba ingeokoa wengi. Lord alisisitiza kuwa alikuwa karibu maili 20, na kwamba meli waliyoiona ilikuwa nyingine. Hakushtakiwa, ila kampuni ilimwachisha kazi. Akapata kazi kwingine, akasafiri baharini hadi 1927. Uzeeni alianza tena kupigania jina lake, akafa Januari 1962 bila kusafishwa.

Je, kulikuwa na meli ya tatu? Umbali ulikuwa gani? Mabaki ya Titanic yalipatikana 1985, mbali na mahali ilipodhaniwa kuwa, na kesi ikafunguliwa upya. Ripoti ya 1992 ilionyesha wachunguzi wenyewe hawakubaliani kuhusu umbali. Ilisema pia huenda Lord asingefika kwa wakati. Lakini walikubaliana kwamba fataki za Titanic zilionekana, na ilifaa hatua ichukuliwe.

Mimi hapo ndipo ninaposimama. Sitamhukumu Lord kwa roho 1,500. Hesabu hiyo ni ya Mungu. Linaloniuma ni dogo zaidi: Evans alikuwa amelala hatua chache tu kutoka kwake. Kumgonga mlango kungechukua dakika moja.

Hapa kwetu Kabianga, nduru ikipigwa usiku ng'ambo ya majani chai, watu hawakai kitandani wakipima umbali. Wanashika tochi wanatoka. Pengine watakuta ni ng'ombe amekatika kamba, basi, wanarudi kulala. Sasa mbona jirani akiacha kuja ibada, au binti wa mtu akinyamaza ghafla, tunauliza maswali mawili na kugeukia ukuta? Someni Mithali 24:11-12 nyumbani. Kisingizio cha kutojua, Mungu anakipima.

Wiki hii, kuna mtu umeona ishara yake. Usingoje kuwa na hakika. Nenda ukabishe hodi.

Mungu atuamshe. Amina.