Sergio Vieira de Mello, mtu wa misaada aliyefia Baghdad

BUKAVU – Tarehe 19 Agosti ni siku ya wafanyakazi wa misaada ya kibinadamu ulimwenguni. Watu wa Bukavu wanawajua vizuri wafanyakazi hao: jeep nyeupe yenye antena ndefu, beji shingoni, mkataba wa miezi sita ao mwaka. Ukianza tu kuzoea jina la mtu, unasikia amekwisha kupelekwa Bangui ao Juba. Lakini ni wachache wanaojua kwamba tarehe hiyo ilichaguliwa kwa sababu ya shambulio lililomuua mtu aliyeishi hivyo kwa miaka karibu 34, na ambaye kazi ilimleta pia katika eneo letu la Maziwa Makuu, mwaka 1996, wakati mbaya kabisa.

Sergio Vieira de Mello alizaliwa Rio de Janeiro, Brazili, tarehe 15 Machi 1948. Baba yake alikuwa mwanadiplomasia, kwa hiyo tangu utoto alizoea kuhama. Mwaka 1968 alikuwa anasoma falsafa Sorbonne, Paris. Wanafunzi walipopambana na polisi mwezi wa tano, yeye pia alikuwa barabarani, na rungu la polisi lilimwachia kovu juu ya jicho la kuume mpaka kufa kwake. Mwaka uliofuata, serikali ya kijeshi ya Brazili ilimfukuza baba yake kazini. Kijana hakurudi nyumbani. Novemba 1969, akiwa na miaka 21, aliingia HCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, Genève.

Toka hapo, sanduku halikukauka vumbi. Bangladesh wakati wa vita ya uhuru ya 1971. Kisha Sudani ya Kusini, ambako wakimbizi walikuwa wanarudi nyumbani kufuatia mapatano ya Addis Ababa ya 1972. Kisha Kipro, Msumbiji iliyojaa wakimbizi waliotoka Rhodesia, na Peru. Mwaka 1982 alikuwa mshauri wa kikosi cha ONU kule Lebanoni wakati jeshi la Israeli lilipopita mbele ya askari hao wa amani na kuingia ndani ya nchi, wao wakitazama tu. Watu wa Kivu hawahitaji kuelezwa sana picha ya namna hiyo.

Alioa mwaka 1973, mke akiwa Mfaransa aliyekuwa mfanyakazi mwenzake, na wakapata wavulana wawili. Watoto walikulia upande wa Ufaransa, karibu na mpaka wa Genève, na miaka mingi baba alikuwa mtu wa kupita. Ndoa haikusimama. Katikati ya safari hizo alipata hata udaktari wa falsafa, mara mbili, lakini nyumba ya kukaa hakuipata. Watu wanaosifu kazi hii mara nyingi wanaruka sehemu hiyo.

Jina lake lilikua kwa sababu ya jambo moja: alikubali kuongea na kila mtu. Kule Kamboja, kati ya 1991 na 1993, aliongoza kurudishwa kwa wakimbizi zaidi ya 360,000, na kwa ajili hiyo aliingia msituni kukutana na wakubwa wa Khmer Rouge, watu waliokuwa na damu ya taifa lao mikononi. Kazi ilifaulu. Bosnia, mwaka 1993 na 1994, njia ileile ilimletea lawama. Alionekana karibu mno na viongozi wa Waserbia waliokuwa wanauzingira mji wa Sarajevo, hata wenzake wakaligeuza jina lake kwa utani kuwa Serbio.

Halafu Kivu. Tangu Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda karibu 300,000 walikuwa wamevuka Ruzizi kuja upande wa Bukavu. Walijaa viwanja na barabara, kisha wakapelekwa Kashusha, Inera na kambi nyingine. Waliokimbia kwa hofu na waliofanya mauaji ya kimbari walikula chakula kimoja, chini ya hema za shirika moja. MSF ya Ufaransa ilikataa na kujiondoa kambini mwishoni mwa 1994. HCR ilibaki, ikiomba bila kupewa jeshi la kutenga wauaji na wakimbizi.

Vita ya AFDL ilipofika Oktoba 1996, hapakuwa tena na la kujadili. Bukavu ilianguka, Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa akauawa Nyawera tarehe 29, kambi zikavunjwa. Vieira de Mello, wakati huo msaidizi wa mkuu wa HCR, alipewa kazi ya kuratibu misaada ya ONU katika Maziwa Makuu. Lakini wakimbizi wa huku walikuwa tayari njiani kuelekea Bunyakiri, Shabunda na msitu wa Tingi-Tingi. Tarehe 15 Novemba Baraza la Usalama lilikubali kikosi cha kimataifa chini ya Kanada. Siku hiyohiyo mamia ya maelfu walianza kurudi Rwanda kupitia Goma, na dunia ikaona kazi imekwisha. Kikosi hakikufika.

Mwezi uliofuata, HCR ilitia sahihi pamoja na serikali ya Tanzania tangazo la kuwataka Wanyarwanda wote warudi kwao kabla ya tarehe 31 Desemba. Wengi walikimbilia porini. Jeshi la Tanzania likawageuza kuelekea daraja la Rusumo. Shirika lililoundwa ili mkimbizi asirudishwe kwa nguvu lilikuwa limeweka mkono wake. Kwa maoni yetu, hapa ndipo kuongea na kila serikali kulipofika mwisho wake, na wasifu mwingi wa mtu huyu unapita hapo haraka mno.

Baada ya hapo alipanda tu. Alikuwa Kosovo mwaka 1999. Kisha Timor Mashariki, ambako alitawala nchi nzima kwa jina la ONU mpaka uhuru wa tarehe 20 Mei 2002. Pengine ndiyo kazi yake nzuri kuliko zote. Septemba 2002 akawa Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu, Genève, na kwa mara ya kwanza alionekana kama mtu atakayetulia.

Marekani ilipoiteka Iraki, aliombwa aende kwa miezi minne tu. Alifika Baghdad mwanzoni mwa Juni 2003. ONU haikutaka kuonekana imekaa nyuma ya vifaru vya Marekani, na ulinzi wa hoteli ya Canal, makao yake, ulikuwa mdogo. Tarehe 19 Agosti, saa kumi na nusu alasiri, lori la mabomu lililipuka chini ya dirisha lake. Alibaki hai saa kadhaa chini ya vifusi. Askari wawili wa Marekani walichimba kwa mikono, wakitoa udongo kwa mkoba wa mwanamke uliofungwa kamba ya pazia, maana vifaa havikuwepo. Alikufa akiwa na miaka 55. Waliokufa ni 22, wakiwemo Wairaki ambao majina yao hayatajwi sana. Alizikwa Genève.

Oktoba 2010, ofisi ya haki za binadamu aliyokuwa anaiongoza ilitoa ripoti Mapping juu ya uhalifu uliotendwa Kongo kati ya 1993 na 2003, matukio 617. Kashusha imo, Inera imo, Tingi-Tingi imo. Mahakama ya pekee ya kuhukumu uhalifu huo haijaundwa.