Chupa za Shackleton na funzo la kurudi nyuma

Wapo watu ulimwenguni wanaokusanya chupa za wiski kama wengine wakusanyavyo stempu. Huzigombania katika minada kwa bei inayoweza kujenga nyumba, na nyingi hazifunguliwi kamwe. Lakini nionavyo mimi, chupa kongwe zenye thamani kuu ni zile zisizopigwa mnada: chupa za Ernest Shackleton.

Shackleton alizaliwa nchini Ireland mwaka wa 1874, na alipofika umri wa miaka 16 akawa baharia katika meli za biashara. Mwaka wa 1901 aliandamana na Robert Scott hadi Antaktika, lakini mwaka wa 1903 akarudishwa nyumbani kwa sababu ya ugonjwa. Hakukata tamaa. Mwaka wa 1907 alianzisha msafara wa meli ya Nimrod, safari hii yeye mwenyewe akiwa kiongozi. Miongoni mwa shehena aliyoagiza mlikuwamo makasha 25 ya wiski ya Mackinlay kutoka Uskoti.

Tarehe 9 Januari 1909, Shackleton na wenzake watatu walikuwa wamebakisha kilomita 180 hivi kufika Ncha ya Kusini, mahali ambapo binadamu hakuwa amekanyaga. Chakula kilikuwa haba na miili imedhoofu. Wangeweza kuendelea, wakafika, na wakafia huko. Shackleton akaamua kurudi, na wote wanne wakaokoka. Mtaka yote hukosa yote. Scott alifika huko Januari 1912, akakuta Amundsen wa Norway amekwisha kumtangulia. Yeye na wenzake wanne wakaangamia njiani wakirejea.

Aidha, mwaka wa 1915 barafu ilipoivunja meli yake ya Endurance, Shackleton na watu watano walivuka takriban kilomita 1,300 za bahari chafu kwa mashua ndogo wakitafuta msaada. Watu 22 waliobaki nyuma kisiwani waliokolewa Agosti 1916, wote wakiwa hai. Kwa bahati mbaya, watu watatu wa kikosi chake kingine, upande wa pili wa bara hilo, walifariki.

Ile wiski nayo ilisahauliwa katika barafu kwa karibu miaka 100. Wahifadhi wa kibanda chake huko Cape Royds walikuta makasha yameganda chini ya sakafu, na mwaka wa 2010 kasha moja likayeyushwa polepole katika jumba la makumbusho la Christchurch, New Zealand. Ndani mlikuwa na chupa 11. Mwaka uliofuata, tatu zilipelekwa Uskoti, ambako Richard Paterson, fundi mashuhuri wa kuchanganya wiski, alichunguza kiasi kidogo kilichovutwa kwa sindano. Wengi walitarajia kinywaji kikali chenye moshi mzito, kama ilivyodhaniwa kuwa desturi ya enzi hizo. Badala yake ilikuwa laini, moshi wake hafifu. Fundi huyo alitengeneza mpya inayofanana nayo, ikauzwa, na sehemu ya fedha ikasaidia kuhifadhi vibanda vya kale. Zile chupa tatu za asili zilirejeshwa Antaktika mwaka wa 2013.

Watakuwapo wanaosema kwamba wiski hutengenezwa inywewe, na kuirudisha barafuni ni upuuzi. Hoja hiyo ina uzito kwa chupa mpya. Lakini chovya chovya humaliza buyu la asali. Chupa kongwe ikishanywewa, ushahidi umetoweka. Ikifungiwa kabatini mwa tajiri mmoja, umma umenyimwa. Chupa hizi zilitendewa haki zote mbili: mpya ikaupata ulimi, kongwe ikabaki kuwa kumbukumbu.

Shackleton aliaga dunia kisiwani South Georgia tarehe 5 Januari 1922, akiwa na umri wa miaka 47 na madeni mengi. Hakuwahi kufika Ncha ya Kusini. Hata hivyo, viongozi wanaong'ang'ania kufika hata kama wafuasi wataangamia wana la kujifunza kwake. Kugeuka karibu na ushindi kwa ajili ya uhai wa wenzako ni ushujaa usiouzwa mnadani.