Abu Zayd al-Balkhi, Tabibu wa Miili na Nafsi

Sisi tunaosoma masomo ya Kiislamu hukutana na jina la Abu Zayd al-Balkhi kwenye jiografia, kwa sababu ya ramani, kisha tunafungua ukurasa mwingine. Mimi nataka tukae naye kidogo kwa ajili ya kitabu chake cha tiba, maana kinatugusa zaidi kuliko ramani.

Jina lake ni Ahmad bin Sahl. Alizaliwa karibu mwaka 235 Hijria, sawa na 850 Miladia, katika kijiji cha Shamistiyan karibu na mji wa Balkh, nchi ambayo leo ni Afghanistan. Baba yake alikuwa mwalimu wa watoto, naye alianza na kazi hiyohiyo. Akiwa kijana alisafiri hadi Iraq kutafuta elimu, akakaa miaka minane na kusoma kwa mwanafalsafa al-Kindi, kisha akarudi kwao. Waliomweleza wanasema alikuwa mkimya, mwenye haya, na alama za ndui usoni. Aliandika makumi ya vitabu, na vingi vimepotea. Alifariki mwaka 322 Hijria (934).

Kati ya vilivyosalimika ni Masalih al-Abdan wal-Anfus, yaani maslahi ya miili na nafsi. Sehemu ya kwanza inahusu mwili: makazi, maji, chakula, usingizi. Ya pili ina milango minane juu ya nafsi, na humo anashughulika na hasira, hofu, huzuni na wasiwasi usiomwacha mtu. Anasema mtu anaweza kuishi miaka mingi bila kuugua mwili, lakini ni nadra kupita siku moja bila nafsi kuguswa na jambo. Basi anamshauri mtu, akiwa ametulia, ajiwekee fikra njema za akiba, kama vile mtu anavyoweka dawa nyumbani kabla ya kuugua.

Mlango wa huzuni ndio ulionishika zaidi. Balkhi anaigawa huzuni mafungu mawili. La kwanza ni la mtu anayejua kilichomsibu: amefiwa, au amepoteza mali. La pili ni la mtu asiyeona sababu yoyote, lakini kifua kimembana na hana hamu hata ya vile alivyokuwa akivipenda. Wa kwanza, dawa yake kubwa ni fikra na nasaha. Wa pili, ugonjwa wake umeanzia mwilini, kwenye damu. Atibiwe mwili, huku watu wakizungumza naye na kumchangamsha. Maelezo yake kuhusu damu ni tiba ya Kiyunani ya zama zile, na leo yamepitwa. Lakini kwa maoni yangu mgawanyo wenyewe unamlazimisha tabibu kufanya jambo moja: kuuliza. Kushika mkono na kuhesabu mapigo ya moyo hakutamwonyesha mgonjwa yuko fungu gani. Mgonjwa ndiye anayejua, naye ni lazima aseme.

Siku hizi madaktari wengi wa sonona hutumia dodoso liitwalo PHQ-9. Lina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya kula, uchovu, kukosa raha, hata mawazo ya kujidhuru. Kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 3, na jumla ya juu ni 27. Mgonjwa hujaza tena kila anaporudi, na daktari hulinganisha. Aliyeanza na 19 akafika 8 anapata nafuu. Aliyebaki kwenye 19 huenda akahitaji kubadilishiwa tiba, hata kama anatabasamu.

Sasa hapo sisi tuna tatizo letu. Muulize mwenzako hapa chuoni hali yake, kwa Kiswahili, Kiganda au Kiarabu: atakujibu salama, alhamdulillah, hata kama hajalala siku nne. Kumshukuru Allah ni wajibu, lakini daktari hakuuliza kuhusu shukrani. Na wapo wenzetu wanaomwambia mgonjwa wa sonona kwamba imani yake ni dhaifu, aongeze tu nyiradi. Akishaambiwa hivyo mara mbili, ya tatu hasemi, na kwenye dodoso ataweka sifuri tisa.

Balkhi mwenyewe hakuona haya kusema. Mwanajiografia al-Muqaddasi anasimulia kwamba amiri wa Khurasan alimwita Bukhara. Alipofika mto Jayhun akaona mawimbi yake na upana wake, mwandishi huyu wa mlango wa hofu hakupanda chombo. Alimwandikia amiri kwamba ikiwa ameitwa kwa sababu ya akili yake, basi akili hiyohiyo inamkataza kuuvuka mto ule. Amiri alistaajabu, akamruhusu arudi Balkh.