Kijana Aliyemtilia Shaka Maxwell

Mimi ni mwalimu wa isimu, na yahusuyo sumaku nimeyasoma kwa kupiga hodi nyumba ya jirani. Hata hivyo, Edwin Hall hunijia akilini kila nionapo mwanafunzi amenyamaza kwa kuwa kitabu kimekwisha kusema.

Hall alizaliwa mwaka 1855 katika jimbo la Maine, Marekani. Baada ya kufundisha shule kwa miaka miwili, alijiunga na Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Huko alisoma katika kitabu cha James Clerk Maxwell, bingwa wa fani hiyo, kwamba sumaku husukuma waya uliobeba umeme, wala si umeme wenyewe. Hakuridhika. Alimweleza mwalimu wake, Henry Rowland, naye Rowland akakiri kuwa ana shaka iyo hiyo, tena aliwahi kufanya jaribio likashindwa. (Mimi niliwahi kumkalisha mwanafunzi aliyeona kosa katika sarufi niliyoitegemea. Hakuinua mkono tena muhula ule.)

Majaribio ya kwanza ya Hall hayakuonyesha kitu. Rowland akashauri utando mwembamba wa dhahabu uliobandikwa juu ya kioo. Oktoba 1879 galvanomita ikajibu: sumaku ilikuwa imeusukuma umeme kando, na volti ndogo ikatokea baina ya kingo mbili za utando. Ncha za sumaku zikibadilishwa, volti nayo hugeuka. Maxwell alifariki tarehe 5 Novemba mwaka huo huo.

Katika dhahabu volti hiyo ni hafifu mno. Ilingoja nusukipitishi za karne ya 20 ndipo ikafaa kazi. Leo mota nyingi zisizo na brashi, zikiwamo za pikipiki za umeme, zina vihisio vitatu vya Hall. Rota yenye sumaku izungukapo, kila kihisio hutambua kama ncha iliyo mbele yake ni ya kaskazini au ya kusini. Majibu ya vyote vitatu hugawa mzunguko wa umeme katika hatua 6, na kidhibiti hujua ni koili zipi za kupewa mkondo. Zipo mota zinazokisia bila vihisio, lakini rota ikiwa imesimama hazina la kukisia, na huanza kwa kubabaika.

Hall alihamia Harvard mwaka 1881, akastaafu 1921, akafariki 1938. Wanafizikia humkumbuka kwa dhahabu yake. Mimi humpenda zaidi kwa orodha aliyoiandaa huko Harvard, ya majaribio 40 ambayo wanafunzi wa sekondari walitakiwa kuyafanya kwa mikono yao wenyewe.